Tembo Warriors na Ubishi wa Kariakoo

Wewe uliye kwenye foleni ya pantoni hapo Kivukoni ukisubiri geti lifunguliwe uvuke Kigamboni, wewe wa Feri unayemalizia fungu la mwisho la samaki, na wewe wa Kariakoo unayefunga duka huku ukihesabu mauzo, karibuni. Jioni hii nazungumzia mpira wa miguu, na timu ya taifa ya Tanzania iliyocheza robo fainali ya Kombe la Dunia.

Mmesikia sawasawa. Robo fainali ya Kombe la Dunia.

Timu yenyewe ni Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na magongo mawili. Kipa ana mkono mmoja. Oktoba 2022 walikwenda Istanbul, Uturuki, kucheza fainali hizo kwa mara ya kwanza, wakiwa miongoni mwa mataifa 24. Wakavuka makundi, wakaitoa Japan kwenye kumi na sita bora, wakaingia nane bora. Safari yao ikaishia hapo. Kombe walilichukua wenyeji, Uturuki, tarehe 9 Oktoba, kwa kuifunga Angola mabao 4-1.

Taifa Stars, tunayoipenda na kuililia, haijawahi kufika fainali za Kombe la Dunia hata mara moja. Hawa wamefika, tena wamefika hadi nane bora. Na mwezi huohuo wa Oktoba 2022, kule India, mabinti zetu wa Serengeti Girls walitoka kwenye kundi lenye Japan, Ufaransa na Canada, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakaingia robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, ndipo Colombia ikawatoa. Mwezi mmoja, timu mbili za Tanzania kwenye nane bora za dunia. Ukiniuliza mwezi mkubwa kuliko yote katika historia ya mpira wetu, nitakutajia huo.

Sasa nenda Kariakoo, simama kwenye kona yoyote ya Mtaa wa Msimbazi, umuulize mpita njia kikosi cha Simba cha msimu wowote. Atakitaja kuanzia kipa, atakutajia na waliokaa benchi, na atakwambia nani hakustahili kuanza. Muulize Yanga, vivyo hivyo. Halafu muulize akutajie wachezaji watatu wa Tembo Warriors.

Ramadhani Chomelo, Alfan Kiyanga, Frank Ngailo, Juma Kidevu. Nimewataja wanne, ili asiwepo anayenisikiliza leo atakayesema hajawahi kuwasikia. Kocha wao wa safari ile, Salvatory Edward, wengi mnamkumbuka alipokuwa kiungo wa Yanga na Taifa Stars. Aliyeichezea klabu ya Kariakoo ndiye aliyewapeleka vijana hawa Istanbul, na Kariakoo haikubishana naye hata siku moja kuhusu kikosi chake. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nimekuja kulisema.

Turudi nyuma kidogo, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 2021. Dar es Salaam iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mchezo huu. Mataifa yalikuja hapa kwetu, na uwanja ulikuwa ule wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000. Tembo Warriors waliifunga Cameroon mabao 5-0 kwenye robo fainali wakaingia nne bora, na kwa kuingia nne bora wakapata tiketi ya Uturuki. Ghana ndiyo iliyonyanyua kombe baada ya kuipiga Liberia 4-0 kwenye fainali. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba tiketi ile ya Kombe la Dunia ilipatikana hapahapa mjini, mwendo wa dakika chache kwa daladala kutoka Kariakoo. Hatukwenda kuisikia kwenye redio ikitokea mbali.

Niwaeleze na mchezo wenyewe unavyochezwa, maana wengi tunausifu bila kuujua. Timu moja ina watu saba uwanjani. Uwanja una mita 60 kwa 40, yaani ni mdogo kuliko tulivyozoea, na goli lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 2.2. Kila kipindi ni dakika 25. Hakuna ofsaidi. Kocha anaweza kubadilisha wachezaji kadiri apendavyo. Kipa haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Mpira ukitoka pembeni unarudishwa kwa mguu. Na kuna kanuni moja inayobeba mchezo mzima: gongo likiucheza mpira kwa makusudi, hiyo ni sawa na kushika. Hata sehemu ya mguu iliyobaki hairuhusiwi kuucheza. Mguu wa bandia unaachwa nje ya uwanja.

Tafakari maana yake. Mguu uleule mmoja unaopiga mpira ndio unaokimbia. Mchezaji anapotaka kupiga shuti, anasimika magongo yote mawili ardhini mbele kidogo ya mwili, uzito wote unahamia kwenye viganja na mabega, kisha mwili mzima unabembea katikati ya magongo na mguu unafuata nyuma yake kwa kasi. Kwa nukta ile hana kitu chochote kinachogusa ardhi isipokuwa mipira miwili ya chini ya magongo, kila mmoja mdogo kama kizibo cha chupa kubwa. Uwanja ukiwa umelowa, au mpira wa gongo ukiwa umelika upande, anaanguka. Na beki anayekuja kumzuia hana mkono wa kumsukumia, kwa sababu mikono yake nayo imeshika magongo. Kwa hiyo mabeki wanazuia kwa kifua, kwa bega, na kwa kuwahi. Anayechelewa nusu hatua ameshapitwa.

Angalia viganja vya mchezaji wa mchezo huu. Kwenye lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada, ngozi ni ngumu kama ya mpiga kasia. Mwanzoni yanatoka malengelenge, yanapasuka, yanarudi, mpaka panakuwa sugu. Magongo yenyewe ni ya alumini, mepesi, yanayokumbatia mkono chini ya kiwiko. Yale ya mbao ya kwapani hayafai kabisa kwa kazi hii, yanavunjika na yanaumiza mbavu. Timu inayokosa magongo ya akiba imekosa kiatu na imekosa mguu kwa pamoja.

Mchezo ulianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mtu aliyeitwa Don Bennett, mpenda michezo aliyekuwa amepoteza mguu. Ukasambaa, na kila nchi uliyoifikia ulikuta sababu zake. Angola ina mabomu ya ardhini yaliyoachwa na vita, na Angola ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia mwaka 2018 kule Mexico. Sierra Leone ina waliokatwa viungo kwenye vita vyake. Uturuki ina askari waliojeruhiwa. Sisi vita hiyo hatuna, lakini tuna barabara. Ingia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, uliza vijana waliolala na mguu umening'inizwa wameingiaje. Jibu utakalolisikia kitanda baada ya kitanda ni bodaboda. Wapo waliopoteza mguu kwa maradhi, na wapo waliozaliwa hivyo. Lakini kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa anacheza ndondo mtaani kwao Jumapili, Jumatatu akagongwa, Alhamisi akaamka bila mguu, huyo yupo katika kila kata ya jiji hili. Anajua mpira tayari. Amekosa timu tu.

Na tunamwambia nini? Hapa nitasimama kidogo.

Pale Mtaa wa Sikukuu kuna kijiwe cha kahawa, wazee wanakaa alasiri na vikombe vyao vidogo na kashata. Kijana mmoja alipita, akasalimia, akawa anaonyesha kwenye simu yake bao la Tembo Warriors.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho?"

"Timu yetu hii, ya magongo. Tazama mtu alivyopiga."

Mzee akatazama, akatikisa kichwa. "Maskini. Wanajitahidi kweli, Mungu awabariki."

"Mzee wangu, Simba ikifungwa huwa unasema wanajitahidi?"

"Simba ikifungwa mimi silali!"

Wote wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Lakini yule kijana alikuwa amegusa kidonda. Mzee alikuwa na moyo mwema, wala simlaumu, kwa sababu dua yake ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba timu anayoiombea dua hatailipia kiingilio. Hatauliza kwa nini kiungo fulani hakupangwa. Hatadai kocha aeleze. Na viongozi wa mpira wa nchi hii, kama wote tunavyojua, wanasikia kelele. Wanasikia simu zinazopigwa redioni saa tatu usiku, wanasikia Kariakoo ikichemka. Penye dua peke yake, wao hupeleka pongezi, wakapiga picha uwanja wa ndege, na baada ya hapo kimya mpaka mashindano mengine. Hiyo ni nguvu ya soda.

Sifa za huruma ni kilemba cha ukoka. Vijana hawa wamefika nane bora ya dunia, na tunawasemesha kama watoto waliofaulu kuimba shairi mbele ya wageni. Mimi nataka waulizwe maswali ya watu wazima. Kwa nini safari iliishia robo fainali? Pumzi ilikata? Mabeki walikuwa wanachelewa kurudi? Katika mchezo usio na ofsaidi, mshambuliaji anaweza kusimama karibu na kipa dakika zote. Je, sisi tulikuwa na mtu wa kukaa naye, au tulikuwa tunapanda wote? Kubadilisha hakuna kikomo. Je, tulikuwa na watu wa kutosha benchi wa kuingia na kutoka kila baada ya dakika chache, kama wanavyofanya wenye ligi? Haya ndiyo maswali ambayo Kariakoo inayamudu kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki. Tunayauliza kila Jumatatu. Tuwaulize na hawa.

Najua majibu mengine tayari, na hayahusu wachezaji. Mpinzani wao wa Uturuki anacheza ligi. Kule kuna klabu zinazolipa, kuna ratiba ya msimu, kuna kupanda na kushuka daraja. Ndiyo maana baadhi ya vijana wetu wamekwenda kuchezea klabu za huko. Mpinzani wa Poland vilevile ana ligi. Kijana wetu anaitwa kambini mashindano yakikaribia, anafanya mazoezi ya majuma kadhaa, anapanda ndege. Akirudi anarudi kwenye shughuli zake, na mechi ya ushindani anayoisubiri inaweza kuwa mbali sana. Kufika nane bora kwa maandalizi ya aina hiyo kunanionyesha ukubwa wa vipaji vilivyopo, na kunanitia uchungu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wengi hawalijui, nalo linaeleza kwa nini fedha hazifiki. Soka hili halimo kwenye Michezo ya Paralimpiki. Soka lililomo kule ni lile la wasioona, lenye mpira unaolia, tangu Athens 2004. Kwa hiyo fungu la Paralimpiki, hata likiwa dogo namna gani, haliwahusu Tembo Warriors. Wala hawako chini ya FIFA. Wana shirikisho lao la dunia, na hapa nchini wana shirikisho lao. Ukienda kwa watu wa mpira wanakwambia hawa ni wa michezo ya walemavu. Ukienda kwa watu wa Paralimpiki wanakwambia huu ni mpira wa miguu. Timu iliyofika robo fainali ya dunia inasimama katikati ya barabara, magari yanapita pande zote mbili. Ni kosa la mipangilio, na mipangilio hurekebishwa na watu waliokaa ofisini, hapohapo mjini. Baraza la Michezo la Taifa lipo tangu 1967. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Hatuna haja ya kusubiri sheria mpya.

Niwatazame na majirani. Kenya ina Henry Wanyoike. Sydney 2000, mita 5,000 za wanaume wasioona: Wanyoike anakimbia amefungwa kamba na mwongozaji wake, John Kibunja. Kibunja hakuwa mzima siku ile. Mizunguko ya mwisho nguvu zikamwisha, na sheria inataka wote wawili wamalize. Basi asiyeona akawa anamvuta anayeona kuelekea kwenye mstari, watu uwanjani wanapiga kelele, naye akachukua dhahabu. Athens 2004 akarudi na dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Baada yake akaja Samwel Mushai Kimani, dhahabu ya mita 1,500 London 2012, na tena Rio 2016. Uganda nao wana David Emong, fedha ya mita 1,500 Rio, na shaba Tokyo. Tanzania kwenye Paralimpiki bado hatujaleta medali.

Watu husimulia kisa cha Wanyoike ili watoe machozi. Mimi nakisimulia kwa sababu nyingine. Kenya inajua mbio. Kila kijiji kina mtu anayejua muda wa mtu, kila kijiji kina anayesema fulani ameanza kwa kasi mno. Asiyeona aliyetaka kukimbia alikuta mji mzima wa watu wanaojua kukimbia: wa kufanya naye mazoezi, wa kumwongoza, wa kumwambia umechelewa. Medali zilitoka kwenye ujuzi huo uliomzunguka. Sasa sisi ujuzi wetu ni upi? Si mbio. Ujuzi wetu ni mpira, na makao yake makuu yanajulikana: upande mmoja Simba, Mtaa wa Msimbazi, upande mwingine Yanga, kona ya Twiga na Jangwani.

Kwa hiyo nasema wazi: Simba waunde timu ya magongo. Yanga waunde timu ya magongo.

Wala wasinijibu kwamba ni jambo geni. Poland, Legia Warszawa na Wisła Kraków, klabu kubwa kabisa za nchi ile, zina timu zao za mchezo huu, na zinavaa jezi ileile. Uingereza, Manchester City na Everton wanazo. Mnamkumbuka Marcin Oleksy? Tarehe 27 Februari 2023, jijini Paris, FIFA ilimpa tuzo ya Puskás, tuzo ya bao bora la mwaka duniani, akiwashinda Dimitri Payet na Richarlison. Oleksy alipoteza mguu kwenye ajali akiwa kazini, akijenga barabara. Bao lake la kuruka na kujipindua hewani huku magongo mkononi alilifunga akiwa na jezi ya Warta Poznań, klabu ya mpira wa kawaida yenye timu ya magongo. Mara ya kwanza kwa mchezaji wa soka hili kupata tuzo ile. Dunia nzima ilishika kichwa kwa sababu bao lilikuwa bao. Hakuna aliyehitaji kuonewa huruma pale.

Na sisi wenyewe tuna mfano wa nyumbani, wa juzi tu. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza 2016, na ilianza kimyakimya. Walipoingia Simba Queens na Yanga Princess, jezi nyekundu na jezi ya kijani na njano, ghafla Kariakoo ikaanza kubishana kuhusu wanawake: huyu straika anafaa, yule kipa arudishwe benchi, mwamuzi katuonea. Simba Queens wakafika nne bora ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Morocco mwaka 2022, mwaka uleule wa Serengeti Girls. CAF nayo ikaweka kwenye kanuni za leseni kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yake iwe na timu ya wanawake. Mtu wa Kariakoo hapendi timu kwa kuelezwa umuhimu wake. Mpe rangi yake na mtani wa kumcheka, mengine atayafanya mwenyewe bila kuombwa.

Fikiria mechi ya watani wa jadi ya magongo. Mtu anatoka Gerezani kwenye vyuma vyake, anatoka Mtaa wa Kongo kwenye nguo zake, anaenda uwanjani na jezi. Timu yake ikifungwa, siku ya pili hapiti kijiweni. Na mtoto wa Uhuru Mchanganyiko, au wa Matumaini kule Kurasini, shule ambazo zimelea watoto wenye ulemavu wa jiji hili kwa miaka mingi, anakua akijua kuna jezi inayomngoja.

Uwanja? Mchezo unahitaji mita 60 kwa 40. Karume ipo, hapo Ilala. Kidongo Chekundu ipo, ile bustani ya vijana ya JMK, na mtu wa Kariakoo anaifikia kwa miguu. Wala hauhitaji basi la timu kusafiri mikoa kumi mwaka wa kwanza. Mechi moja kila mwisho wa mwezi, timu nne za kuanzia: Simba, Yanga, Azam kama wakikubali, na timu moja ya vijana wa jiji. Gharama kubwa ni magongo, mipira ya chini ya magongo ambayo inalika kila baada ya muda mfupi, nauli za wachezaji, na daktari pembeni. Kwa klabu inayosajili mchezaji mmoja kutoka nje kwa fedha tunazozisoma magazetini, timu nzima ya magongo haiwezi kuizidi bei hiyo. Mwenye hesabu tofauti apige simu baada ya kipindi, aniletee.

Kuna atakayeniuliza: huyo mtu wa mguu mmoja atafikaje mazoezini? Swali zuri, na ni kubwa kuliko mpira. Piteni Mtaa wa Kongo Jumamosi saa nne asubuhi, mumtazame mtu wa magongo anavyovuka. Njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za bidhaa. Anashuka barabarani. Guta linakuja nyuma, mwenye mkokoteni anapiga kelele "mzigo, mzigo!", maji machafu yametuama kwenye lami iliyobonyea, na yeye anachagua mahali pa kusimika kila gongo, moja baada ya jingine, haraka, bila kusimama, maana akisimama watu wanampiga kumbo. Anatazama mbele hatua tatu. Anabadilisha mwelekeo kwa bega. Kila siku anafanya mazoezi ya Tembo Warriors bila kulipwa na bila kuombwa, kwa sababu jiji halikumtengenezea njia. Na wenzake wengine mnawaona pale Posta wakiendesha bajaji ambazo fundi amezibadilisha, breki ya mguu ikahamishiwa mkononi, wanabeba abiria mchana kutwa. Hawa ni watu wenye kazi na wenye ratiba. Mazoezi yawekwe jioni baada ya kazi, mahali wanapofika, na nauli ilipwe na klabu kama inavyolipwa kwa mchezaji mwingine yeyote. Na njia ya waenda kwa miguu isafishwe. Hilo ni la jiji, na nitalirudia wiki ijayo nikiwa na kipindi kizima cha kulizungumza.

Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa, wageni watakuja, na tutajivunia. Nawaomba wanaopanga sherehe ya ufunguzi wasiwaite Tembo Warriors kuja kupunga mkono. Wawaite kucheza mechi ya utangulizi, Simba ya magongo na Yanga ya magongo, dakika 25 kila kipindi, na mwamuzi awape kadi wanapostahili kadi.

Simu ziko wazi sasa. Wa kwanza namwomba anijibu swali moja tu la kiufundi: timu isiyo na ofsaidi, ikicheza na mpinzani anayeacha mshambuliaji mmoja mbele muda wote, wewe ungemwacha beki mmoja nyuma, au wawili? Haya, tuanze. Hujambo, unapiga kutoka wapi?